Tangi la Kioo na Maji ya Ziwa: Historia ya Kufuga Samaki na Vyura Nyumbani

Utangulizi

Wasomaji wa kijarida hiki wamezoea kukutana na makala za ngeli, ushairi na mbinu za kufundishia. Safari hii tunawaletea makala ya historia. Mada yake ni chombo ambacho wengi wetu tumekiona katika ukumbi wa hoteli, katika chumba cha kumngojea daktari, au sebuleni kwa jirani hapa Kampala: tangi la kioo lenye maji, mawe, mimea na samaki wa rangi.

Sababu mbili zimetusukuma kuandika. Kwanza, katika masomo ya tafsiri wanafunzi hutuuliza chombo hiki kiitweje kwa Kiswahili, na kila mara swali la jina huzaa swali la historia. Pili, historia yenyewe si ya Ulaya tu kama wengi wanavyodhani. Inapita Jinja, Mwanza na Kihansi, na inagusa ziwa ambalo wakazi wa Kampala hunywa maji yake kila siku.

Hoja yetu ni moja. Katika Afrika Mashariki, chombo cha kubebea viumbe wa majini kutoka makao yao kimewahi kuangamiza na kimewahi kuokoa. Mtu anayeweka tangi nyumbani kwake anaingia katika historia hiyo, apende asipende. Kwa hiyo ni vizuri aijue kabla hajatia maji.

Jina la chombo

Warumi wa kale walikuwa na neno vivarium, maana yake mahali pa kuwekea viumbe hai, wawe samaki, ndege au wanyama wengine. Bustani ya wanyama ya London ilipofungua nyumba ya samaki mwaka 1853, neno hilo la Kirumi lilitumika, likiongezewa sifa ya kuonyesha kwamba ni la majini. Mwaka uliofuata, 1854, mtaalamu wa viumbe Philip Henry Gosse alichapisha kitabu kilichoitwa The Aquarium. Humo alitetea neno moja fupi badala ya maneno mawili mazito. Watu wakalipokea, na ndilo lililosafiri hadi kwetu na kuwa akwaria.

Katika mazungumzo ya kawaida, hata hivyo, watu husema tangi la samaki, na katika makala hii tutatumia tangi la kioo. Tangi ambalo sehemu yake ni maji na sehemu ni udongo na mawe, linalowafaa vyura, tutaliita tangi la maji na nchi kavu. Jina hilo ni refu kidogo, lakini mwanafunzi wa darasa la saba atalielewa bila kufungua kamusi.

Kisanduku cha Ward na tangi la Warington

Mwaka 1829 daktari mmoja wa London, Nathaniel Bagshaw Ward, alizika buu la nondo katika udongo wenye unyevu ndani ya chupa aliyoifunga, akitaka kuona nondo atakavyotoka. Siku zilipopita aliona jambo ambalo hakulitafuta: jani la mkangaga na la nyasi yalichipua ndani ya chupa. Nje, moshi wa makaa ya mawe ulikuwa ukiiua mikangaga yake bustanini. Ndani ya chupa, unyevu ulipanda mchana ukagusa kioo, ukashuka usiku ukarudi kwenye udongo, na mimea ikaishi kwa miaka. Mwaka 1842 alichapisha kitabu kuhusu jambo hilo.

Visanduku vya Ward havikubaki sebuleni. Vilipakiwa kwenye meli na kubeba miche kutoka bara hadi bara. Kuanzia mwaka 1848 Robert Fortune alivitumia kuhamishia maelfu ya miche ya chai kutoka China hadi India. Tangu mwanzo basi, kisanduku cha kioo kilikuwa pambo la nyumbani na wakati huohuo chombo cha biashara na utawala wa kikoloni.

Upande wa maji, mwanakemia Robert Warington aliripoti mwaka 1850 kwamba alikuwa amewaweka samaki na mmea wa majini katika chombo kimoja bila kubadilisha maji mara kwa mara. Majani yalipoanza kuoza na kuchafua maji, aliongeza konokono, nao wakayala. Mmea ulitoa oksijeni, samaki wakavuta pumzi, konokono wakasafisha. Warington aliona kwamba kinachotunzwa katika tangi ni uhusiano baina ya viumbe, si samaki peke yake.

Kuna jambo ambalo hakuliona kwa macho. Kinyesi cha samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu kwao. Bakteria waishio kwenye changarawe na kwenye kichujio huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi na ambayo mimea huila. Jambo la kufurahisha ni kwamba mmoja wa waliochunguza hatua hizo mbili baadaye, katika udongo wa mashamba ya Uingereza, alikuwa mwana wa Warington, aliyeitwa vilevile Robert Warington. Baba aliona maji yakitulia, na mwana akasaidia kueleza kwa nini yanatulia.

Ndoo iliyoleta sangara

Tuje sasa nyumbani. Mwaka 1927 na 1928 Michael Graham alifanya uchunguzi wa uvuvi katika Ziwa Viktoria. Ni yeye aliyemwandika kisayansi ngege, samaki aliyependwa kuliko wote na wavuvi wa pande zote za ziwa. Katika ripoti yake ya mwaka 1929 alionya kwamba kumleta samaki mkubwa mla samaki kutoka nje kungekuwa hatari kubwa. Mwaka 1947 shirika la utafiti wa uvuvi la Afrika Mashariki likaanzishwa Jinja, na wataalamu kama Humphry Greenwood wakaanza kuwachambua nkejje, wale samaki wadogo ambao Watanzania huwaita furu na Wajaluo huwaita fulu.

Katika miaka ya 1950 palizuka mjadala mkali. Baadhi ya maafisa wa uvuvi waliwaona nkejje kuwa samaki wadogo wenye miiba wasio na thamani sokoni. Walitaka aletwe sangara ili awale nkejje na kuwageuza kuwa minofu mikubwa. Wanasayansi kadhaa, akiwemo Geoffrey Fryer aliyeandika mwaka 1960, walipinga. Walisema kwamba hakuna ajuaye kitakachotokea na kwamba jambo likishafanyika haliwezi kurudishwa. Mjadala haukupewa nafasi ya kumalizika. Kuna ushahidi kwamba sangara walikwisha kutiwa ziwani kimyakimya katikati ya miaka hiyo, na kufikia mwaka 1960 walianza kuonekana katika nyavu za upande wa Uganda. Mwaka 1962 na 1963 wengine wakatiwa rasmi.

Tunapenda msomaji aitazame hatua hiyo kwa karibu. Sangara alikuwepo katika Ziwa Albert na katika Nile chini ya maporomoko ya Murchison, na maporomoko hayo yalikuwa ukuta wake. Hakuupanda ukuta huo kwa mapezi yake. Alibebwa hai, ndani ya chombo chenye maji, na watu walioamini kwamba wanafanya maendeleo.

Kwa miaka ishirini hivi mabadiliko yalikuwa madogo. Kisha, katika miaka ya 1980, sangara waliongezeka ghafla, na nkejje wakatoweka katika maeneo makubwa ya ziwa. Inakadiriwa kwamba takriban spishi 200 zilipotea, nyingine kabla hazijapewa jina la kisayansi. Haki inatudai tuseme pia kwamba sangara hakuwa peke yake. Maji yalikuwa yakichafuka kwa udongo na mbolea kutoka mashambani na kwa taka za miji, na nyavu zilikuwa zimekwisha kumpunguza ngege kwa muda mrefu. Aidha, sangara aliwapa watu kazi na akaipa nchi fedha za kigeni. Viwanda vya minofu vilijengwa Kampala, Entebbe na Jinja, na wako wazazi waliosomesha watoto kwa samaki huyo. Hatuandiki makala hii kumhukumu mvuvi.

Lugha nayo ilipokea mgeni. Watanzania wakamwita sangara, Wakenya mbuta, na sisi Uganda mputa. Jina la ngege likapatwa na jambo la ajabu zaidi. Ngege wa asili alipopungua, na sato kutoka Nile, aliyeletwa pia katika miaka ya 1950, kuchukua nafasi yake sokoni, jina lilibaki na mwenyewe akaondoka. Leo mtu akinunua ngege katika soko la Kampala, kwa kawaida anauziwa mgeni aliyevaa jina la mwenyeji.

Mfano wa pili ni wa mmea. Gugu maji asili yake ni Amerika ya Kusini. Maua yake ya zambarau yalifanya lisambazwe duniani kama pambo la vidimbwi vya bustani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 lilionekana katika Ziwa Viktoria, na katika miaka ya 1990 lilifunga bandari, likazuia mitumbwi na kutishia mitambo ya umeme Jinja. Kilichoanza kama pambo la kidimbwi cha mtu mmoja kikawa mzigo wa nchi tatu.

Nkejje walioishi ugenini

Chombo kilekile kilichobeba maangamizi kilibeba pia akiba. Kuanzia mwaka 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, akiwemo Frans Witte, walifanya kazi Mwanza pamoja na wenzao wa Tanzania. Walikuwa wakihesabu furu wakati furu walipoanza kutoweka mbele ya macho yao. Baadhi walichukuliwa hai hadi Leiden na kuzalishwa katika matangi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 bustani za wanyama na akwaria za Amerika ya Kaskazini nazo zilianzisha mpango wa pamoja wa kutunza spishi za Ziwa Viktoria, na mtaalamu Les Kaufman wa Boston alikuwa miongoni mwa waliouongoza. Hivyo watoto wa Boston waliweza kuwatazama samaki ambao mtoto wa Ggaba hakuweza tena kuwaona.

Walimu wa Kiswahili wana sababu ya pekee ya kuwajua samaki hawa. Mmoja wao, mwekundu mgongoni na mwenye milia myeusi, aliandikwa mwaka 1985 kwa jina la nyererei, kumheshimu Mwalimu Julius Nyerere. Mwaka 1998 jenasi yake ikapewa jina Pundamilia, na jenasi nyingine ikapewa jina Mbipia, kutokana na mbipi, jina ambalo wavuvi wa kusini mwa ziwa huwaita furu wa kwenye miamba. Mfugaji wa samaki wa Berlin au Chicago asiyejua salamu ya Kiswahili hutamka Pundamilia nyererei kila anapoagiza samaki wake.

Matangi yalifundisha pia. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti kuhusu jinsi furu jike anavyomchagua dume. Majike huwatambua madume wa spishi yao kwa rangi. Katika tangi lenye mwanga wa kawaida walichagua sawasawa. Mwanga ulipobadilishwa hata rangi zisitofautiane, wakashindwa kuchagua. Maana yake kwa ziwa ni nzito. Maji yakichafuka hata mwanga usipenye, spishi mbili zaweza kuchanganyika na kuwa moja, bila sangara kula hata samaki mmoja. Bila kioo, jambo hilo lingekuwa vigumu kuliona.

Hata hivyo, si nkejje wote waliookolewa na vioo vya Ulaya na Marekani. Ziwa lenyewe lina matangi yake ya asili. Nabugabo karibu na Masaka, viziwa vya mfumo wa Kyoga kama Nawampasa, na Kanyaboli upande wa Kenya, vyote vimezungukwa na vinamasi vya mafunjo. Maji ya ndani ya mafunjo yana oksijeni kidogo. Sangara hayavumilii, lakini nkejje wengi huyavumilia. Kule Nabugabo, ambako sangara aliingizwa pia katika miaka ya 1960, baadhi ya nkejje walijificha pembezoni mwa mafunjo wakapona. Tangu miaka ya 1990, sangara walipovuliwa kwa wingi, baadhi ya nkejje wameanza kurudi hata katika Ziwa Viktoria. Waliorudi ni sehemu tu ya waliokuwepo.

Chura wa Kihansi

Kwa upande wa vyura tunao mfano wa Tanzania ambao dunia nzima huusoma. Mwaka 1996, katika korongo la mto Kihansi kwenye milima ya Udzungwa, watafiti walimgundua chura mdogo wa rangi ya manjano, urefu wake sentimita mbili hivi. Aliishi mahali pamoja tu duniani, katika eneo la takriban hekta mbili lililolowanishwa saa zote na manyunyu ya maporomoko. Hatagi mayai majini. Huzaa vichura vilivyokamilika, bila kupitia hatua ya viluwiluwi tunavyoviona madimbwini.

Wakati huohuo Tanzania ilikuwa ikijenga bwawa la umeme la megawati 180, na nchi ilihitaji umeme huo sana. Mwaka 2000 mitambo ilipokamilika, maji mengi ya mto yalielekezwa kwenye mitambo na manyunyu yakakauka. Mwishoni mwa mwaka huo vyura 499 walichukuliwa hadi Marekani, kwa makubaliano na serikali ya Tanzania, wakatunzwa katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York, na baadaye katika nyingine, zikiwemo za Toledo. Kule korongoni yakatandazwa mabomba ya kunyunyizia maji, na kwa muda vyura waliongezeka. Kisha mwaka 2003 idadi yao ikaanguka ghafla, na ugonjwa wa kuvu wa ngozi ya vyura ukaonekana. Mwaka 2009 chura wa Kihansi akatangazwa kuwa ametoweka porini.

Hata katika matangi ya Marekani maisha hayakuwa rahisi. Wengi walikufa miaka ya mwanzo, wakabaki wachache mno. Watunzaji wakajifunza polepole: maji yaliyochujwa, manyunyu yaliyopimwa, mwanga wa aina maalumu, wadudu wadogo wenye virutubisho. Vyura wakaanza kuzaa. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa Tanzania, katika maabara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wengine wengi wakarudishwa korongoni. Kazi hiyo ilihitaji vyuo, serikali mbili, fedha nyingi na miaka kumi na miwili, kwa ajili ya mnyama anayekaa juu ya kidole gumba.

Ugonjwa wa kuvu nao una somo lake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba asili yake ni Asia ya Mashariki, na kwamba biashara ya kimataifa ya amfibia ilisaidia kuusambaza. Tukumbuke pia kwamba kuanzia miaka ya 1930 vyura wa majini wenye kucha kutoka Afrika Kusini walisafirishwa kwa maelfu hadi maabara za Ulaya na Marekani, kwa sababu Lancelot Hogben na wenzake walikuwa wamegundua kwamba chura jike akidungwa sindano ya mkojo wa mwanamke mjamzito hutaga mayai. Vipimo vya kisasa vilipokuja, chura hakuhitajika tena. Baadhi walitoroka, wengine wakaachiliwa, na leo wako katika mito ya Chile, Ufaransa na California.

Tangi katika nyumba ya Kampala

Msomaji anayetaka kuweka tangi nyumbani atauliza: nianzie wapi? Yafuatayo ni ya msingi.

Kwanza, ukubwa. Tangi lenye urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30 huchukua lita 54, na maji hayo peke yake yana uzito wa kilo 54. Nkejje ni wagomvi, na dume hujitengea eneo lake. Kwao tangi la sentimita 100 kwa 40 kwa 40, yaani lita 160, linafaa zaidi. Meza iwe imara, na tangi lisikae kwenye jua, kwa maana jua huleta joto na mwani.

Pili, maji. Bomba la Kampala huleta maji ya Ziwa Viktoria yaliyosafishwa Ggaba na Katosi. Yametiwa klorini, ambayo hutuulia sisi vijidudu vya tumbo lakini huunguza matamvua ya samaki na kuua bakteria wanaohitajika. Yaachwe katika ndoo wazi kwa siku moja au mbili, au yatiwe dawa ya kuondolea klorini.

Tatu, subira. Tangi jipya halitiwi samaki wengi siku ya kwanza. Bakteria waliotajwa hapo juu huhitaji wiki nne hadi sita kuongezeka. Wengi hutia samaki kumi Jumamosi na kuzika kumi Jumamosi ifuatayo, kisha wakasema wameuziwa samaki wagonjwa. Anza na wawili au watatu, lisha kidogo, na kila wiki badilisha robo ya maji. Kichujio kisisuguliwe kwa maji ya bomba. Kisuuzwe katika maji yaliyotolewa tangini.

Nne, umeme. Umeme ukikatika, pampu ya hewa husimama. Kinga bora ni kuweka samaki wachache kuliko tangi linavyoweza kubeba, na kuwa na mimea.

Tano, vyura wasichanganywe na samaki wadogo, maana chura wa majini humeza chochote kinachoingia kinywani. Tangi la maji na nchi kavu liwe na mteremko wa mawe, udongo usio na dawa ya shambani, mimea, na kifuniko chenye matundu. Chura hunywa na kuvuta pumzi kwa ngozi yake. Mkono wenye sabuni, mafuta au dawa ya mbu ni sumu kwake. Chakula chake ni wadudu hai kama panzi wadogo na kumbikumbi. Vilevile wanyamapori hawachukuliwi ovyo. Kabla ya kumchukua chura kinamasini au nkejje ziwani, uliza kwa wahusika wa wanyamapori na kwa ofisa wa uvuvi wa wilaya.

Sita, na hili ndilo kubwa kwa mujibu wa historia tuliyoisimulia: kilichomo tangini kisimwagwe nje. Maji machafu ya sehemu kubwa ya Kampala huteremka kwa mfereji wa Nakivubo hadi ghuba ya Murchison, ghuba ileile inayovutwa maji Ggaba. Ya upande wa kaskazini hupitia kinamasi cha Lubigi kuelekea mito iendayo Nile. Samaki wa kigeni aliyekuchosha, konokono aliyezidi, mmea uliojaa, vyote vikitupwa mtaroni vina njia ya kufika ziwani. Mpe mfugaji mwingine samaki huyo, mmea uukaushe juani kabisa, na maji uyamwage kwenye udongo mbali na mtaro.

Hitimisho

Tumeona ndoo iliyomleta sangara na ndoo iliyowapeleka furu Leiden. Zilifanana. Tofauti ilikuwa katika walichokijua waliozibeba, na katika kama walikubali kusubiri hadi wajue. Tumeona pia kikomo cha tangi. Chura wa Kihansi aliishi New York kwa miaka kumi, lakini kurudi kwake kulihitaji manyunyu yawepo Kihansi. Nkejje wa Boston hana pa kurudi ikiwa maji ya hapa hayapitishi mwanga.

Kwa Waganda nkejje si samaki wa kuangalia tu. Nkejje mkavu alipewa watoto, hasa wenye surua, na wako Baganda ambao nkejje ndiye muziro wao, kama wengine walivyo wa mamba, yaani kamongo. Wavuvi wazee hawakuwa na jina moja la nkejje. Walikuwa na majina mengi, kwa rangi, kwa mahali pa kupatikana na kwa namna ya kula. Mengi ya majina hayo hayamo katika kamusi yoyote tunayoitumia darasani, na samaki mwenyewe akikosekana nyavuni, jina hukosa wa kulitaja.

Hapo ndipo kazi ya idara ya lugha inapoanza. Tunawaomba wanafunzi wanaotoka Kalangala, Buvuma, Mukono, Masaka, Mayuge, Namayingo na Busia, watakapokwenda likizo, waketi na wavuvi na wauza samaki wenye umri mkubwa. Waandike jina la kila samaki kwa Luganda, Lusoga, Lusamia, Dholuo au Kiswahili, pamoja na maelezo: anafananaje, alipatikana wapi, na alionekana mara ya mwisho lini. Waandike hata jina ambalo msimuliaji anasema samaki wake hayupo tena. Orodha hizo waziwasilishe idarani muhula utakapofunguliwa, kila moja ikiwa na jina la kijiji na lugha iliyotumika, nasi tutaziunganisha na kuzichapisha katika toleo lijalo.